Pembeni ya Josho

Kaka yangu Oarabile alinunua gari jipya mwezi wa tano, na tangu siku hiyo hakuweza tena kukaa kitini dakika kumi mfululizo. Nilipofika mjini kwake, Maun, mwezi wa saba, chuo kikiwa kimefungwa kwa likizo ya majira ya baridi, nilimkuta amekonda. Alikula akiwa amesimama dirishani, sahani mkononi, macho kwenye kibanda cha mabati alimoliegesha. Upepo ukitikisa bati, alitoka. Mbwa akipita, alitoka. Nilimuuliza kama anadhani litaondoka lenyewe, naye akanijibu kwa uzito wote kwamba mti wa jirani unadondosha utomvu.

Lilikuwa gari dogo la milango mitano, la buluu iliyokolea, na lilikaa chini kiasi kwamba mtu mzima aliliingia kama anayejitumbukiza kwenye beseni. Injini yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa na turbo, na turbo hiyo ndiyo iliyomnyima kaka yangu usingizi. Oarabile ni fundi wa ndege ndogo zinazowapeleka watalii kwenye delta ya mto. Kazini kwao hakuna nati inayokazwa bila kuandikwa, na tabia hiyo aliihamishia nyumbani. Kitabu cha gari kilisema injini isivuke mizunguko elfu tatu kwa dakika mpaka itimize kilomita elfu moja na mia tano. Basi alikanyaga mafuta kama anayekanyaga yai. Kilisema asishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Basi alipanda na kushuka, sitini, themanini, sabini, hata abiria akachafukwa na roho. Hakwenda nalo dukani, kwa kuwa safari ya dakika tano haiipashi oili moto ipasavyo. Na kila alipofika alikokwenda hakuzima injini papo hapo. Alibaki ndani akitazama saa, injini ikiunguruma taratibu, ili turbo ipoe huku oili ikiendelea kuizunguka. Mimi nilisubiri nje na mifuko ya sokoni, na majirani wakadhani tumegombana.

Alikuwa amenunua mbio ambazo bado hakuruhusiwa kuzikimbia, na nadhani hilo peke yake lingetosha kumtoa mtu katika utulivu wake. Hata hivyo, kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi. Alitaka baba alione.

Baba yetu anaishi kwenye kambi ya ng'ombe, kilomita mia tatu kasoro kusini mashariki, karibu na mbuga za chumvi, na mjini haji. Oarabile alipokuwa na miaka kumi na sita ilitarajiwa abaki na ng'ombe. Yeye akachagua kwenda kusomea ndege. Baba alisema "Sawa," na hakuongeza neno. Tangu hapo kila alichomwonyesha, cheti, picha akiwa amevaa sare, barua ya kupandishwa cheo, baba alikitazama kwa makini kisha akauliza kama Maun imenyesha.

"Hili atalisifu," Oarabile aliniambia, akiwa amepiga magoti kando ya gurudumu na mswaki mkononi. "Mzee hajui vyeti. Lakini kitu kilichotunzwa anakijua."

Tulipanga kuondoka siku ya Jumatano. Wiki hiyo hiyo redio ilitangaza kwamba katika kijiji kimoja magharibi mwa mji kuna ng'ombe waliokutwa na malengelenge mdomoni, na kwamba sampuli zimepelekwa maabara. Wenye magari yaendayo kusini walikumbushwa kupita kwenye josho la geti la uzio wa mifugo. Kwetu sisi hilo si jipya. Tumekua tukipita majosho hayo: gari linashuka polepole kwenye birika la zege lenye maji ya magadi, magurudumu yanazama, linapanda upande wa pili likichuruzika, na abiria wanashuka kukanyaga gunia lililoloweshwa dawa ileile. Upande wa kaskazini wa uzio kuna nyati, na nyati huubeba ugonjwa wa miguu na midomo bila wenyewe kuumwa. Upande wa kusini wako ng'ombe wa baba, na wa kila mtu.

Lakini siku nne kabla ya safari Oarabile alikuwa amelipaka gari nta ngumu, ile inayotakiwa kukaa siku saba bila kuguswa na dawa yoyote. Tena fundi mwenzake alikuwa amemwonyesha rimu zake zilivyopauka kwa magadi ya josho, madoa meupe yasiyotoka hata kwa kusuguliwa. Usiku wa kuamkia safari aliliongelea josho kama mtu anayeongelea mwizi anayejulikana kwa jina.

Nilimwambia aahirishe safari siku tatu. Akasema likizo yake ni ya wiki moja tu. Nikamkumbusha kwamba Jumapili ya wiki iliyopita, kabla ya kupaka nta, alikwenda huko huko magharibi, kwenye mazishi ya mama wa rafiki yake, kijiji cha pili kutoka kile kilichotajwa redioni. Akasema tangu siku hiyo ameliosha mara tatu, kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na kwamba sufuria ninayopikia haijawahi kuwa safi hivyo. Hilo la sufuria lilikuwa kweli, nikacheka. Kucheka kwangu ndiko kulikoyamaliza maongezi yale, na kicheko hicho nimekifikiria mara nyingi baadaye.

Tulifika getini saa tatu asubuhi. Basi la abiria lilikuwa limesimama mbele yetu, watu wote wameshushwa, na maofisa wawili waliovaa buti za mpira walikuwa wakipekua mabegi kutafuta nyama mbichi. Mama mmoja mnene alikuwa akibishana nao kuhusu kuku. Upande wa kushoto wa josho kuna njia pana ya magari yaliyobeba mizigo mikubwa, ambayo hayaingii kwenye birika na hunyunyiziwa kwa bomba la mkono. Kwa kawaida hufungwa kwa mnyororo. Siku hiyo mnyororo ulikuwa chini, kwenye vumbi.

Oarabile aliutazama mnyororo. Kisha akayatazama yale maji, ya kijivu, yenye povu ukingoni. Vidole vyake vilikuwa vikipiga usukani kwa kasi ambayo injini ile ilinyimwa.

"Usifanye hivyo," nilisema.

"Sifanyi kitu. Napita tu."

Akapita. Hakukimbia, hakujificha, alilipitisha gari taratibu, kimya, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka, na hakuna aliyeinua kichwa. Mimi ningeweza kufungua kioo na kuita. Ofisa wa karibu alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, amenipa mgongo, anahesabu mapaja ya kuku. Darasani nimesimama mara nyingi kutetea wajibu wa raia, na nimepigiwa makofi. Pale sikufungua kioo.

Safari iliyobaki ilikuwa ndefu. Oarabile aliwasha redio akaizima. Alishusha kioo kidogo, akapandisha. Alipanda mpaka tisini, akashuka mpaka sabini, akasimama bila sababu kukagua upepo wa matairi ambayo hayakuwa na tatizo. Punda walipovuka barabara aliwasubiri kwa adabu isiyo ya kawaida. Mara moja tu alisema kitu kirefu: kwamba dawa ile ni ya magari machafu, ya watu wanaobeba mbuzi kwenye viti, na kwamba hata daktari hawezi kumpa dawa mtu mzima wa afya. Sikumjibu. Akanilaumu kwa kutokumjibu.

Kutoka lami hadi kambini ni kilomita sita za barabara ya chokaa iliyoshindiliwa. Alitumia karibu saa nzima, akishuka kila palipokuwa na jiwe, akilitoa kwa mikono. Baba alituona tangu mbali, akaja kutulaki nje ya uzio wa miiba, mwembamba, kofia kichwani, fimbo chini ya kwapa. Tulimsalimia kwa mikono miwili. Akauliza kuhusu safari, kuhusu afya, kuhusu mvua. Kisha akauliza kile ambacho kila mtu wa kule humuuliza kila mgeni atokaye upande wetu.

"Mmepita kwenye dawa?"

"Tumepita, Baba," alisema Oarabile.

Mimi niliinamia begi langu.

Baba aliliendea gari kama anavyomwendea fahali mnadani: kwanza nyuma, kisha ubavuni, mwisho usoni. Aliliminya tairi kwa dole gumba. Alijiangalia kwenye mlango, akarekebisha kofia. Kaka yangu alimfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono mgongoni, akiwa na miaka thelathini na moja na uso wa miaka kumi na sita. Wakati huo jirani yetu MmaGosego, yaani mama yake Gosego, alikuwa ameshafika, kwa kuwa kwenye kambi hizo hakuna injini inayolia bila watu kuja. Ni mjane, ng'ombe wake na wa baba wanakunywa kwenye kisima kimoja, hori moja, tangu mumewe akiwa hai.

"RraOarabile," alimwita baba, huku amejishika kiuno akilitazama gari lilivyokaribia ardhi, "hili tumbo vipi? Lina mimba ya miezi mingapi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi ni babu tu."

"Basi lisizalie hapa. Malisho hayatoshi."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Oarabile akamfungulia mlango wa dereva, na baba akaingia kwa kujikunja, akakaa, kofia magotini. Alitaka kujua hiyo turbo ni kitu gani hasa ambacho mwanawe anakiongelea simuni kila wiki. Oarabile alichuchumaa kando yake akaeleza. Alieleza vizuri, bila maneno ya kitabuni: kwamba moshi ambao magari mengine huutupa, hili huukamata kwanza, ukazungusha kijigurudumu kidogo kuliko ngumi, na kijigurudumu hicho kikasukuma hewa nyingi injinini, ndipo gari dogo likapata nguvu ya kubwa. Kwamba kijigurudumu hicho kinazunguka kwa kasi ya kutisha na kuchemka mno, na kwa hiyo mwenye gari lazima asubiri kipoe kabla hajazima.

Baba aliweka mikono kwenye usukani.

"Kwa hiyo unakaa nalo mpaka litulie," alisema.

"Kila siku, Baba."

"Hapo umefanya vizuri." Akaipapasa dashibodi kwa kiganja, kama anavyopapasa shingo ya ng'ombe. "Umejua kutunza."

Sijawahi kumwona kaka yangu akiwa vile. Hakutabasamu, alitulia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike likizo, mwili wake wote ulikuwa mahali pamoja. Laiti dunia ingesimama hapo, ningelibeba lile la getini peke yangu na kunyamaza nalo.

Lakini ilikuwa saa ya ng'ombe kunywa, na walikuwa wakirudi. Walipita pande zote mbili za gari kuelekea kwenye hori, wa baba na wa MmaGosego wamechanganyika, na vumbi jeupe likapanda. Ng'ombe wa nchi ile wana njaa ya chumvi. Hulamba kuta, hulamba mashati yaliyoanikwa. Ndama mmoja mwekundu mwenye baka jeupe alisimama kwenye gurudumu la nyuma, akalinusa, akatoa ulimi na kuanza kulamba. Akalamba rimu, akalamba tairi, akaingiza pua juu, kwenye upinde wa bodi, mahali ambapo matope hukaa. Mwenzake akaja. Kisha wa tatu.

"Hebu wafukuzeni, watalikwaruza," alisema Oarabile, akinyanyuka.

"Waache," alisema baba toka ndani, bado akicheka. "Wanalisalimia."

MmaGosego naye alikuwa akicheka. Yule ndama wa tatu alikuwa wake. Nilitazama ule ulimi, mrefu, wa kijivu, ukijikunja ndani ya lile giza nyuma ya gurudumu na kutoka tena, na nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kuitumia.

"Baba, hatukupita kwenye dawa."

Hakuna aliyenisikia vizuri. Ikanibidi niseme tena, kwa nguvu, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Baba alitoka kwenye gari taratibu. Alivaa kofia. Kwanza aliwasukuma wale ndama kwa fimbo, kwa upole, mpaka nje ya kivuli cha gari. Kisha akanigeukia mimi, wala si Oarabile, akauliza maswali mafupi. Tulipita geti gani. Kama gari lilikwenda magharibi, na lini, na wapi. Lilisimama uwanjani au barabarani. Viatu alivyovaa siku hiyo ni vipi. Nilijibu yote. Kwenye swali la viatu Oarabile alitazama miguu yake mwenyewe, na sote tukaitazama.

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi?" baba aliniuliza.

"Mbele, Baba. Kando yake."

"Basi uliona vizuri."

Hakuniambia neno jingine siku hiyo.

Alitoa simu mfukoni na kuanza kuelekea kwenye mnara wa tangi la maji, kwa kuwa mtandao unapatikana huko juu tu. Hapo ndipo Oarabile alipomkimbilia na kusimama mbele yake. Alizungumza kwa haraka, maneno yakikanyagana. Gari ni safi, alisema, safi kuliko gari lolote lililowahi kufika hapa. Maabara yenyewe haijatoa majibu. Maofisa wa mifugo wakipigiwa simu watafunga kisima chote, wa baba na wa jirani, bila kuangalia nani kakosa. Yeye mwenyewe atakaa, atawachunguza ng'ombe mmoja mmoja, na akiona dalili yoyote atapiga simu kwa mkono wake. Aliomba siku tano. Kisha akaomba tatu.

"Ng'ombe wa MmaGosego wanapakiwa kwenye lori Jumamosi," alisema baba. "Wanakwenda kumwolea Gosego, mwanawe. Hizo siku tatu zako zitawafikisha kwa watu wengine, kwenye zizi la watu wengine."

"Baba, nakuomba."

"Nisikilize. Hapa hakuna anayeniita Keoagile. Tangu siku uliyozaliwa naitwa RraOarabile, dukani, kisimani, kwenye chanjo. Nikinyamaza leo, ni jina gani nimelinyamazia?"

Oarabile akasogea kando. Baba akampita, akapanda ngazi ya mnara akishikilia kofia, na kutoka chini tulimsikia akipaza sauti kwa ajili ya mtandao mbovu, kila neno likitufikia. Alitaja kisima chetu. Alitaja idadi ya ng'ombe wake, na ya MmaGosego. Kisha akasema: "Amepita pembeni ya josho. Ndiyo. Mwanangu. Wa kumzaa mwenyewe."

MmaGosego alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hakupiga kelele. Aliniambia mimi, kwa sauti ya mtu anayejikumbusha orodha ya sokoni, kwamba wakwe wa Gosego walikwishaahirisha mara mbili, kwamba ng'ombe wa mahari walichaguliwa tangu mwezi wa nne, kwamba hata nguo zimeshonwa. Kisha akainua macho kwa kaka yangu.

"Uliogopa lisije likalowa," alisema. "Kitu kilichoumbwa kwa bati."

Maofisa wa mifugo walifika alasiri, dereva na mama mmoja mrefu aliyeitwa Mma Lebotse, ambaye alivaa ovaroli nyeupe kabla hajatusalimia. Alikagua midomo ya ndama watatu, akaandika, akatutangazia: siku ishirini na moja. Hakuna mnyama atakayeingia wala kutoka kisimani hapo. Watu watatoka kwa kibali, kwa miguu, baada ya kunyunyiziwa. Gari halitoki. Oarabile akauliza kama faini itatosha, gari likanyunyiziwa na kuondoka. Mma Lebotse alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi.

"Linyunyiziwe kwanza," alisema dereva wake, akishusha bomba la mgongoni. "Mengine utaongea na kanali wa ng'ombe, yule pale." Akamwonyesha baba.

Nilitarajia dereva afanye kazi hiyo. Oarabile alimpokonya bomba. Alilivaa mgongoni juu ya shati lake la safari, akaanza na magurudumu, kisha milango, kisha boneti, na ile nta ya siku nne ikashikana na magadi ikawa michirizi myeupe kama maziwa yaliyoganda. Hakusimama kuitazama. Alitoa mikeka, akainyunyizia pande zote. Alivua viatu akavitumbukiza kwenye ndoo. Kisha akachukua bisibisi, akalala chali kwenye vumbi, akafungua vile vikinga matope vya plastiki vilivyo ndani ya pinde za magurudumu, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua uchafu wa gari lile unaweza kujificha wapi. Cha kwanza kilikuwa kitupu, na cha pili pia. Alipofungua cha nyuma kushoto, kile cha ndama, kibonge kikavu cha tope, kikubwa kama ngumi, kilianguka kifuani pake. Kilikuwa cha kahawia na kilikuwa na nyasi ndani yake.

Alibaki amelala, kibonge kifuani, akipumua juu na chini.

"Usikiguse," alisema Mma Lebotse, akafungua mfuko wa plastiki.

Siku zilizofuata zilikuwa za namna ya peke yake. Gari lilisimama nje ya uzio wa miiba, na Oarabile hakulifunika. Mbuzi walipanda juu ya boneti wakaota jua, hakuwafukuza. Lakini hakutulia hata kidogo. Alizunguka kundi asubuhi, akalizunguka adhuhuri, akarudi kuhesabu waliokwishahesabiwa. Akiona ng'ombe amelala peke yake alimwinua. Akiona anayechechemea alimfuata mpaka mwiba uonekane. Alipiga simu kazini mara moja tu, akarudi toka mnarani bila kutuambia alichoambiwa. Baba alimfundisha kushika taya, kuingiza kidole nyuma ya meno, kuvuta ulimi pembeni na kutazama ufizi, na kila alfajiri walisimama wawili kwenye mlango wa zizi wakifungua midomo, mmoja baada ya mwingine, pumzi za ng'ombe zikifuka kwa baridi. Hawakuzungumza ila la kazi: huyu, yule, bado yule. Baba hakumkaripia. Nadhani kaka yangu angelipenda akaripiwe.

MmaGosego aliacha kunywa chai kwetu. Alirudisha sufuria yetu ya ugali, imesuguliwa, akaiacha langoni bila kuita. Jumamosi ya mahari ilipita. Tulimwona amekaa mbele ya kibanda chake siku nzima, amevaa lile gauni jipya la buluu, anachambua maharage.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, aliita. Tulikimbia sote. Ng'ombe wake mkubwa mweusi, kiongozi wa wale waliochaguliwa kwa mahari, alikuwa amesimama mbali na hori, shingo imenyooka, na ute mrefu ulikuwa ukimning'inia mdomoni mpaka chini. Alitafuna hewa. Hakutaka maji. Sote tuliijua dalili hiyo tangu utotoni, na hakuna aliyeitaja. Baba alisimama ghafla, kama aliyekwama kwenye waya.

Oarabile hakusimama. Alimwendea yule ng'ombe kwa ubavuni, akimwongelesha kwa chini, akamkumbatia shingo, akashika taya kama alivyofundishwa. Ng'ombe akamtupa huku na huku. MmaGosego akaja akashika pembe moja bila kuombwa, baba akashika nyingine. Oarabile aliingiza mkono mpaka kifundo, kisha zaidi, uso wake umegeuzwa pembeni na macho yamefumbwa, ute ukimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alipapasa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika mkia, kazi ya mtu asiye na kazi, na nilikuwa nikiomba dua kwa lugha zote nilizosomeshwa.

"Kuna kitu," alisema. "Kigumu. Mshikeni."

Akavuta. Kilikuwa kipande cha mfupa, mfupa mkuukuu mweupe wa mnyama aliyekufa zamani, kimejibana kati ya meno ya juu na shavu. Ng'ombe wetu hutafuna mifupa wanayoiokota porini. Udongo wa kule hauwapi kila wanachohitaji. Oarabile alikitupa chini, akaingiza mkono tena, safari hii polepole, akapitisha kidole kwenye ufizi wote, juu, chini, akavuta ulimi nje ukaonekana kwenye jua. Ulikuwa mzima. Alitazama ukwato wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha akakaa chini palepale, kwenye kinyesi, mkono umechubuka na kulowa, akatutazama kana kwamba anangoja sisi tumwambie alichokiona.

Ng'ombe mweusi alikwenda kwenye hori na kunywa.

"Mfupa," alisema baba.

MmaGosego aliokota kile kipande, akakigeuza mkononi, akakirusha mbali nje ya uzio. Nilidhani atasema neno la kumfariji kaka yangu, au neno la kumaliza. Alijifuta viganja kwenye gauni.

"Bado siku kumi na mbili," alisema. "Inuka. Wale wawili wa kule nyuma hujawatazama leo."

Oarabile akainuka, akaenda.